MAMBO YA NYUMBANI: Mwana-mbuzi Aliyevunjika Mguu

Mwalimu mmoja wa upande wa Nyabusozi, katika wilaya ya Biharamulo, ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote, wala si kwake peke yake. Asema kwamba mtoto mmoja wa darasa lake hakuonekana shuleni siku nne. Alipokwenda kwao kuuliza habari, alimkuta ameketi nyuma ya nyumba, amempakata mwana-mbuzi wa majuma mawili, na mguu wa mbele wa mnyama yule ulikuwa ukining'inia. Mbuzi mama ni wa jirani, amewekwa kwao kutunzwa, na kwa mapatano yao mzao huu ndio ujira wa mtoto. Baba yake asema, "Mnyama huyu amekwisha; tumchinje tungali na nyama." Bibi yake asema, "Mwacheni, mfupa wa mchanga hujiunga wenyewe." Na mtoto hasemi neno, ila hataki kumweka chini. Mwalimu auliza: katika hao ni nani asemaye kweli?

Twajibu kwamba kila mmoja amesema nusu. Ni kweli mfupa wa mwana-mbuzi hujiunga upesi. Kwa kawaida majuma matatu mpaka manne hutosha, na kwa mbuzi mzima yapata majuma sita au zaidi. Lakini ukiachwa bila kufungwa hujiunga kombo, au hausimami kabisa, na mnyama huishi akiburuta mguu mpaka ngozi ichunike. Tena ni kweli yako majeraha ambayo dawa yake ni kisu. Walakini hilo halijulikani kwa kutazama mara moja kutoka mlangoni. Na mtoto anayempakata mnyama mchana kutwa amefanya jambo moja jema, maana amemzuia asitembee, ila kumpakata hakuungi mfupa.

Pengine wako watakaosema, mbona ukurasa mzima kwa ajili ya mguu wa mbuzi mmoja? Hao hawajakaa nchi hizi. Misitu ya Biharamulo na Ngara ina mbung'o tangu zamani, na ng'ombe hawakai raha karibu na mapori yale ambayo mwaka 2019 yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mbuzi wetu wa kienyeji, mdogo wa umbo, huvumilia mahali ambapo ng'ombe hudhoofika. Katika Tanzania nzima mbuzi ni zaidi ya milioni 20, na walio wengi sana ni wa asili hiyo hiyo, nao wamo mikononi mwa watu wenye wachache, wawili, watatu, watano. Kwa nyumba ya namna hiyo mbuzi ndiye daftari na sare, ndiye nauli ya kwenda hospitali usiku. Na kwa mtoto aliyewekewa, mzao wa kwanza kuwa wake ndio mwanzo wa mali. Baba asipime jambo hili kwa kilo za nyama peke yake. Mwana-mbuzi wa majuma mawili ana nyama gani?

Basi tuanze na kutazama. Mnyama alazwe ubavu juu ya nguo au majani makavu, mahali pa kivuli, na mtu mmoja amshike kichwa na mabega pasipo kumkandamiza tumbo. Aachwe kwanza atulie. Ndipo mwingine apitishe vidole juu ya mguu mzima, kutoka kwato hadi begani au pajani, akiulinganisha na mguu wa pili. Mguu uliovunjika huonekana ukipinda mahali pasipo kiungo. Umevimba, na ukiguswa taratibu vidole husikia mifupa ikisuguana. Mnyama hataki kabisa kuukanyagia. Mguu ulioteguka au kugongwa tu huvimba pia, lakini haupindi ovyo, na baada ya siku mbili tatu za kupumzika mnyama huanza kuugusisha chini.

Si kila kuchechemea ni kuvunjika, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Tazameni kati ya kwato, maana mara nyingi hukaa kupe pale, au mwiba umeingia, na mnyama huinua mguu kana kwamba umekatika. Mkiondoa kupe na kusafisha mahali pale, jioni aruka. Mtoto wa mbuzi mwenye juma moja mpaka matatu, ambaye viungo vyake viwili au zaidi vimevimba na vina moto, naye hataki kunyonya, huyo hakuvunjika. Ugonjwa umeingia kwa kitovu, ukaenda na damu mpaka viungoni. Kumfunga mabanzi ni kumwongezea mateso. Yeye ataka dawa ya sindano kutoka kwa afisa mifugo, tena upesi, kwa kuwa kiungo kikisha kuharibika hakirudi. Wengine huzaliwa vifundo vya mbele vimekunjwa, wakikanyagia mgongo wa mguu. Hao wengi hunyoka wenyewe katika siku chache, wakinyoshwa kwa mkono mara kadhaa kwa siku. Na mkiona mbuzi wengi na ng'ombe wanachechemea pamoja, wana malengelenge mdomoni na kati ya kwato, msitafute mabanzi. Pelekeni habari kwa afisa mifugo siku ile ile, maana huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo, nao huenea.

Sasa tuseme mguu umevunjika kweli. Yatazamwe mambo mawili: ni mahali gani, na ngozi imepasuka au haikupasuka.

Ukivunjika chini ya goti la mbele, au chini ya kifundo kikubwa cha mguu wa nyuma, na ngozi ni nzima, hiyo ndiyo habari njema. Mahali pale mfupa umenyoka na hauna nyama nyingi, banzi hushika vizuri, na wana-mbuzi walio wengi hupona wakaenda sawa na wenzao. Mtoto wa Nyabusozi, kwa jinsi mwalimu alivyoeleza, mnyama wake ni wa namna hii.

Tayarisheni vitu kabla ya kumshika mnyama, wala si baada ya. Yatakiwa pamba au sufi au kitambaa laini kilichofuliwa kikakauka; vipande viwili vya mwanzi uliopasuliwa, vilivyolainishwa kingo zake kwa kisu; na vitambaa virefu vya kufungia, vya upana wa vidole vitatu hivi. Pasipo mwanzi, gamba kavu la mgomba lililokunjwa mara kadhaa hufaa kwa mnyama mdogo, maana ni jepesi na hujikunja kuufuata mguu. Ila likilowa halina nguvu, hivyo lataka kuangaliwa. Wenye kuweza kumfikia mtaalamu watafungiwa bandeji ya plasta inayokauka ikawa ngumu, ile ambayo watu huiita hogo. Ni bora, lakini kwa mnyama anayekua haraka yataka kubadilishwa mapema.

Mtu mmoja ashike juu ya palipovunjika, mwingine ashike kwato na kuvuta polepole kwa kuufuata urefu wa mguu, bila kukokota wala kuzungusha, mpaka ulingane na mguu mzima ulio kando yake. Kwato ielekee mbele kama mwenzake. Hilo lichunguzwe mara mbili, maana mguu uliofungwa umegeuka upande hupona umegeuka upande. Wakati ule ule mguu ukiwa umevutwa, mwenye kufunga azungushe pamba kutoka kwenye kwato kwenda juu. Baada ya pamba, kitambaa. Kisha mabanzi mawili yakae ubavu huu na ubavu huu, yafungwe kwa kitambaa kingine, siku zote kutoka chini kwenda juu, ili damu isizuiliwe mguuni.

Urefu wa banzi ndio siri ya kazi. Watu wengi hufunga kipande kifupi pale pale palipovunjika, nacho huwa kama mwiko. Kila mnyama akitembea banzi huufungua mfupa badala ya kuutuliza. Banzi lapasa lishike kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mvunjiko. Kwa mvunjiko wa chini ya goti, lianze kwenye kwato lipande lipite goti. Ncha za kwato ziachwe zionekane kidogo, lakini mguu wa chini usiachwe nje ya kitambaa, maana ukiachwa huvimba kama kibuyu. Ncha za mabanzi zizungushiwe pamba zisichome ngozi.

Baada ya saa moja, zigusweni ncha za kwato. Zikiwa baridi kuliko za mguu wa pili, au vidole viwili vya kwato vimetanuka na kuachana, mmefunga kwa nguvu mno. Fungueni, mfunge upya. Tazameni hivyo asubuhi na jioni kila siku. Harufu mbaya, unyevu unaotoka kwenye kitambaa, mnyama kuuma-uma banzi lake au kukataa kunyonya ghafula, hayo yote ni mwito wa kufungua mtazame. Hata pasipo dalili hizo, fungueni kila baada ya juma moja, kwa sababu mwana-mbuzi hukua, na kamba iliyomfaa juma lililopita juma hili yamkata. Wakati wa kufungua, mguu ushikwe vile vile umenyoka. Usiachwe kuning'inia hata kwa nafasi ya kusalimiana na mgeni.

Dawa za watu za kutuliza maumivu msimpe kwa kukisia. Twajua huruma ndiyo itendayo hivyo, lakini kidonge cha mtu mzima kwa mnyama wa kilo mbili au tatu chaweza kumwua. Mwulizeni afisa mifugo. Na siku hizi, hata kama yuko kijiji cha mbali, aweza kuulizwa kwa simu mkimweleza uzito na umri.

Mvunjiko wa juu, yaani wa paja au wa mkono karibu na bega, ni jambo jingine. Pale banzi haliwezi kushika kiungo cha juu. Huteleza, na uzito wake huvuta mfupa chini ukazidi kuachana. Ni heri msifunge kitu. Mnyama awekwe katika chumba kidogo sana, mahali asipoweza kuruka wala kukimbia, majani makavu mengi chini, mama yake karibu. Wengi wa umri mdogo hupona hivyo, mguu ukabaki mfupi kidogo, na kuchechemea kwao hakuwazuii kula wala kuzaa. Lakini mtaalamu apate kumwona akipatikana.

Ngozi ikipasuka na mfupa ukaonekana, hatari ni kubwa, na saa za kwanza ndizo zenye thamani. Chemsheni maji, mtie chumvi kijiko kimoja kidogo kwa nusu lita, yaache yapoe yawe vuguvugu, kisha myamwage juu ya kidonda kwa wingi mpaka uchafu utoke. Msitie majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala dizeli, wala mafuta ya breki; tumeona yote hayo yakitiwa. Funikeni kwa kitambaa safi, fungeni mabanzi juu yake kwa kumsafirisha tu, na mtafute afisa mifugo siku ile ile, kwa ajili ya dawa ya kuua vijidudu na kinga ya pepopunda, ambayo mbuzi hushikwa nayo kama watu. Inzi wasipate nafasi. Mabuu huingia katika siku moja au mbili. Ikiwa msaada haupatikani, na mguu umekwisha kuoza, au ikiwa mgongo umevunjika na miguu ya nyuma imekufa, hapo baba ana haki. Basi achinjwe upesi, kwa kisu kikali na mkono unaojua kazi. Kumwacha kwenye jua siku tatu kungoja mnada ni ukatili. Tena ni kinyume cha Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Na kama alikwisha kuchomwa sindano, nyama yake isiliwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Turudi kwa huyu wa kupona. Wana-mbuzi wengi waliovunjika miguu hawafi kwa mguu, hufa kwa njaa. Mwenye miguu mitatu hashindani na pacha wake kwenye chuchu, mama husogea, naye huanguka, jioni tumbo limekwama mgongoni, na watu husema, "Mguu umemwua." Kwa hiyo mtoto na amshike mama, amsimamishe mwana-mbuzi chini ya kiwele, mguu uliofungwa usiguse chini, anyonye mpaka ashibe, mara nne au tano kwa siku. Ikiwa hawezi kusimama kabisa, mama akamwe, naye anyweshwe kwa chupa yenye chuchu, maziwa yakiwa na joto la mwili. Mnyama wa kilo mbili ataka yapata mililita 300 mpaka 400 kwa siku, kidogo kidogo. Kichwa chake kiwe kama anavyokiinua akinyonya mamaye. Msimlaze chali na kumimina, maana maziwa yataingia mapafuni. Na akiwa amevunjika siku ya kuzaliwa kwake, ile dang'a ya kwanza aipate ndani ya saa chache, hata kabla ya kumaliza kazi ya mguu. Mguu waweza kungoja saa moja, dang'a haingoji siku.

Mwalimu atauliza, na shule je? Twaona si lazima mtoto akose. Anyonyeshe alfajiri kabla ya kwenda, bibi amsaidie saa nne na adhuhuri, yeye apokee tena akirudi. Bibi aliyesema mfupa hujiunga wenyewe, twadhani atakubali kuusaidia kidogo. Tena mwalimu aweza kufanya jambo la faida: amlete mtoto mbele ya darasa aeleze alivyofunga, kwa vijiti na kitambaa, maana banzi la mbuzi na banzi la mtu vina kanuni moja ya viungo viwili, na watoto wa shule huanguka miembeni kila mwaka.

Neno la sababu za kuvunjika latutaka tukae nalo kidogo, kwa kuwa nyingi zatoka mikononi mwetu. Siku hizi wengi wamejenga mabanda ya mbuzi yaliyoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya fito, ili mavi na mkojo vianguke chini. Ni ujenzi mzuri, wasaidia afya ya mbuzi na samadi ya migomba. Lakini seremala hupanga fito kwa kipimo cha mbuzi wakubwa. Nafasi kati ya fito na fito ikipita sentimita moja na nusu hivi, mguu wa mtoto mchanga huzama, naye akishtuka na kuruka, muundi hukatika kama bua. Mama aliyekaribia kuzaa atengewe pembe yenye sakafu ya udongo au ubao, yenye majani. Katika nyumba ambazo mbuzi na ng'ombe hulala pamoja, wana-mbuzi wapewe kizuizi chao. Mlango wa jioni ni mwembamba, na ng'ombe hatazami chini.

Kisha kuna kamba. Kumfunga mnyama mguu kwa kamba nyembamba ya katani na kumwacha mteremkoni, ni kumtegea. Afungwe shingoni kwa kitanzi kisichojikaza, wala si karibu na mwenzake. Kuna watoto wadogo wanaomnyanyua kwa mguu mmoja kama kuku. Wafundishwe kumkumbatia kifua na matako. Kuna kusafirisha: mwana-mbuzi amening'inizwa kwenye pikipiki, miguu minne imefungwa pamoja, kutoka kijijini mpaka mnadani, tusishangae akishuka hawezi kusimama. Na wale wakaao kando ya barabara kuu ya Lusahunga kwenda Rusumo wajua wenyewe, malori ya Rwanda na Burundi hayasimami kwa ajili ya mbuzi, nayo majani mabichi zaidi daima yako ukingoni mwa lami.

Baada ya majuma matatu, fungueni mguze palipovunjika. Mkisikia kinundu kigumu, kisichocheza, na mnyama haumii mkikibonyeza, mfupa umeshika. Msimwachie siku ile ile. Fungeni tena kwa kitambaa bila mabanzi, au kwa mabanzi mepesi, siku nyingine tano au saba. Mguu utaonekana mwembamba, nao utakuwa mgumu kukunjika. Hiyo si dalili ya kushindwa, misuli ililala tu. Atembee kwanza mahali tambarare penye majani, pamoja na mama yake peke yake. Kwato ya mguu ule itakuwa imekua kupita nyingine kwa kuwa haikukanyaga, basi ipunguzwe kwa kisu kikali, kidogo kidogo, mkiacha mara tu mnapoona rangi ya waridi. Kile kinundu kitapungua kwa miezi.

Kwenda na kundi machungani angoje mpaka aweze kuruka gogo bila kujifikiri. Mtoto wake atalijua hilo kabla yetu.